Sari ya Inchi Tatu

Namsifu Mola aliyeinua milima bila kigezo na kutandaza nyika bila utepe wa kupimia, kisha akaturuhusu sisi waja wake tuchezee vipande vidogo vidogo vya kazi yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, nataka kusimulia habari ya stesheni iliyojengwa ndani ya gereji hapa Kenton, pembeni mwa London, na ya jirani yangu aliyeniomba kitu nisichoweza kumpa.

Mimi ni fundi cherahani. Nilizaliwa Mombasa, baba yangu akiwa Mpunjabi na fundi kama mimi, nikasoma Kurani chuoni kwa maalimu Mswahili aliyekuwa mkali wa herufi na mpole wa moyo. Baadaye nilifanya kazi Nakuru miaka mingi. Nilishona kila kitu, pamoja na sare za watu wa reli. Tulipokuja huku, katika lile wimbi la Wahindi wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasi za Kiingereza mkononi na wasiwasi kifuani, nilipata kazi katika karakana ya makoti ya mvua, na jioni nikawafundisha watoto wa mtaa Kurani sebuleni kwangu. Alhamdulillahi, mikono hii miwili imenilisha katika nchi mbili, na sijawahi kulala njaa.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa Mhindu wa Kigujarati. Kule Kenya alikuwa stesheni masta wa stesheni moja ndogo juu ya Bonde la Ufa. Huku alikaa nyuma ya dirisha la tiketi la treni za chini ya ardhi mpaka alipostaafu, lakini mtaani sote tuliendelea kumwita Masta. Yeye hakujua Kipunjabi, Kigujarati changu kilikuwa cha kununulia mboga tu, na Kiingereza tulikuwa tumekichoka kazini. Basi tulizungumza Kiswahili juu ya ua wa mbao uliotenganisha bustani zetu, tena Kiswahili cha reli, chenye matusi ya hapa na pale kwa upande wake na astaghfirullahi nyingi kwa upande wangu.

Wake zetu walikuwa marafiki kuliko sisi. Mke wangu aliweka sufuria moja isiyowahi kuingia nyama wala yai, akaiita sufuria ya jirani, na ole wake mtoto atakayechemshia supu humo. Sufuria hiyo ilipita juu ya ua ikiwa na dengu au bamia, ikarudi na kitu kingine kitamu, kwa miaka yote tuliyokaa pamoja.

Kisha shemeji, mke wa Masta, akafariki. Aliugua muda mfupi tu, wakati wa baridi, akaenda. Masta alipomaliza taratibu zote za dini yao, alifunga mapazia ya mbele na hakuyafungua tena. Sufuria ya jirani ikawa inarudi kama ilivyokwenda, kifuniko hakijaguswa.

"Si mimi anayenikataa," mke wangu alisema, akiimimina bamia aliyoipika mwenyewe kwenye sahani zetu. "Anakikataa kile kiti cha pili mezani."

Binti wa Masta, aliyekuwa ameolewa Stanmore, si mbali na kwetu, alikuja kila Jumapili. Siku moja alinisimamisha mlangoni, macho yamemwiva.

"Anko, baba hali. Nimekuta chakula cha wiki iliyopita kwenye friji, vilevile nilivyokiacha. Mimi hanisikii. Labda wewe."

Nilimwambia nitajaribu, ingawa sikujua nitajaribu nini. Mungu ndiye aliyelileta jambo lenyewe, kwa njia ya kisanduku kilichojaa vumbi. Binti alikuwa anasafisha dari ya nyumba akakuta treni ya kuchezea iliyonunuliwa zamani kwa ajili ya wajukuu: injini moja nyeusi, mabehewa matatu, na reli za kutosha kuzunguka meza. Masta aliishika ile injini, akaigeuza tumbo juu kama daktari, akairudisha kisandukuni.

"Treni bila stesheni ni kelele tu," alisema.

"Basi tujenge stesheni," nikasema.

"Stesheni gani?"

"Yako."

Alikifunga kisanduku. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimkuta gerejini amevaa sweta mbili, anapima mlango wa zamani ili tuutumie kama meza.

Sijawahi kufanya kazi iliyonifurahisha kama ile. Kipimo kilikuwa moja kwa sabini na sita, maana yake mtu mzima huwa kama inchi moja hivi. Masta alichora ramani kutoka kichwani: jukwaa, ofisi, tangi la maji, ghala, nyumba yake na baraza inayotazama stesheni, na nyumba za mapagazi upande wa pili. Yeye alisimamia reli na umeme. Mandhari na majengo yalikuwa yangu, kwa kuwa yalitaka mikasi.

Milima tuliijenga kwa waya wa kuku, tukaufunika kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga, kisha plasta. Mlima wa kwanza ulipokauka, Masta aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na jukwaa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mlima huu unaniziba jua," alisema.

"Ni inchi kumi tu, Masta."

"Jua lilikuwa linaingia ofisini kwangu saa moja kasorobo. Kwa mlima huu litaingia saa mbili, na treni ya mizigo imeshapita."

Tukaupunguza mlima kwa kisu cha mkate.

Mabati ya mapaa niliyapata kwenye karatasi ya fedha ya chokoleti, niliyoikandamiza juu ya meno ya kitana cha mke wangu. Tangi la maji lilikuwa kopo la rangi ya viatu juu ya njiti za kiberiti. Miti niliisokota kwa waya wa umeme, na vichwa vyake nikavikata katika dodoki nililolichovya rangi ya kijani iliyofifia. Kwa udongo mwekundu nilitwanga kinuni chungu cha maua kilichovunjika, nikachanganya na majani ya chai yaliyokwisha kutumika na kukaushwa. Masta alichota kidogo kwa vidole, akaunusa, akasema unanuka Kenton, lakini kwa macho ni penyewe.

Makosa yalikuwa mengi. Nilipokata kuta za kadibodi za ofisi, mkono uliongeza nusu inchi kila upande, nafasi ya mshono, kama nilivyozoea miaka arobaini. Kuta zikakataa kukutana.

"Fundi," Masta alisema, "hii ni stesheni, si suruali. Haitanenepa."

Yeye naye alikosea. Kwa kokoto za chini ya reli alichagua ufuta, tukaumwaga kwa kijiko mstari mzima, tukaubandika kwa gundi, ukapendeza mno. Baada ya siku nne tulikuta reli imebaki juu ya mbao tupu. Panya wa gerejini walikuwa wamekula, kwa kipimo chetu, robo maili ya njia kuu.

Masta alitazama uharibifu ule, akatikisa kichwa. "Babu zetu waliojenga reli waliliwa na simba wa Tsavo, sisi tunaliwa na panya. Hata balaa limepunguzwa kwa kipimo."

Ilipofika alasiri nilitandika mkeka kwenye pembe ya gereji, pale palipokuwa na makopo ya rangi. Masta alizima redio na kukaa kimya, mikono magotini, mpaka nimalize. Alijua nyakati zangu kuliko mimi, kwa kuwa alikuwa mtu wa ratiba. "Fundi, umechelewa dakika nne," angeniambia, nami ningeacha gundi ikauke yenyewe.

Lakini nyumbani alikuwa bado hali chakula. Alikunywa chai, akamega biskuti, akasema ameshiba. Suruali zake nilizipunguza kiuno mara mbili katika miezi ile, na ninajua nilipunguza kiasi gani.

Kazi ilipokaribia kwisha, Masta alianza kuwatafuta watu. Stesheni yangu ilikuwa na kila alama ya watu: baiskeli imeegemezwa ukutani, masanduku matatu jukwaani, viatu mbele ya mlango wa chumba cha sala cha mapagazi, kikombe juu ya dirisha la ofisi. Watu wenyewe hawakuwapo, wala ng'ombe, wala kuku. Hilo nililifanya kwa makusudi. Maalimu wangu alinifundisha nijiepushe na kuumba sura ya chenye roho. Najua wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili, na kwamba wapo wacha Mungu wasioona ubaya katika vidoli vya watoto; simhukumu mtu. Ila mimi niliishika njia ya maalimu wangu, na mkono wangu haukuwahi kutoka nje yake.

Masta alikwenda mwenyewe dukani, akarudi na mwanamke wa plastiki, Mwingereza mwenye kofia na mkoba. Akakaa naye siku mbili, akimpaka sari ya manjano kwa brashi na rangi ya kucha ya binti yake. Alipomaliza alinionyesha, hakuthubutu hata yeye kumtazama sana. Mke wangu, aliyekuwa ameleta chai, ndiye aliyesema.

"Huyu ni mke wa gavana amemwagikiwa mchuzi."

Masta akamtia mfukoni. Mke wangu alipoondoka, akaniambia, "Fundi, nataka kitu kimoja."

"Sema."

"Mke wangu. Hapa." Aliweka kidole kwenye ukingo wa baraza ya nyumba ile ya kadibodi. "Alikuwa anasimama hapa kila siku. Treni haiwezi kuingia stesheni kama yeye hajatoka. Kwa mikono yangu umeona mambo yake. Kwa yako inawezekana. Inchi moja tu. Hata pungufu, alikuwa mfupi."

Nilijua angeomba, nilikuwa nimejua tangu tulipojenga ile baraza.

"Masta, siwezi."

"Huna vifaa?"

"Ninavyo. Siwezi kufanya sura ya mtu. Unajua mimi ni mtu wa namna gani."

"Inchi moja! Mungu wako anaogopa kidoli cha inchi moja?"

"Yeye haogopi kitu. Ninayeogopa ni mimi."

Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Umenijengea stesheni nzima," alisema, "kisha unanifungia mlango wa nyumba yangu." Akaning'oa kwa upole kutoka kwenye kigoda, akafunga gereji, akaingia ndani kwake.

Wiki tatu hatukusemeshana. Kila asubuhi niliyaona mapazia yale yaliyofungwa, na sufuria ya jirani ikawa haipokelewi hata mlangoni. Binti alipiga simu kuuliza kama nimeudhiwa na baba yake. Nikamwambia la, mimi ndiye niliyemuudhi.

Mke wangu hakunihurumia.

"Watu wazima wawili, mvi mpaka kwenye nyusi, mmegombana kwa ajili ya kidoli."

"Si kidoli. Ni mke wake."

"Unaniambia mimi? Nilikuwa namsuka nywele. Ninachosema ni kwamba wewe umesema siwezi, ukakaa. Siwezi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko wapi?"

Nilirefusha sijida zangu siku hizo. Sikumwomba Mungu anionyeshe kwamba nina haki, kwa maana mtu hupenda mno kuonyeshwa hilo. Nilimwomba asinivunjie ahadi yangu kwake na asimvunje moyo jirani yangu, kwa kuwa jirani ana haki juu yangu, na haki hiyo ilikuwa inakonda mbele ya macho yangu.

Jibu lilinijia kwenye treni ya kwenda kazini. Treni zetu hupita nyuma ya nyumba, kwa hiyo abiria huona kile ambacho wenye nyumba hawamwonyeshi mgeni: bustani, mabanda, na nguo zilizoanikwa. Siku hiyo kulikuwa na jua na upepo, nguo zimetoka kila mahali. Nikajikuta ninawajua watu nisiowaona. Hapa pana mtoto mchanga. Hapa pana mfanyakazi wa hospitali. Hapa, katikati ya mashati ya Kiingereza, sari imejaa upepo, basi hapa pana mmoja wetu. Nikateremka nikiwa na haraka ya kushika mikasi.

Jumamosi nilibisha mlango wa gereji na kisanduku cha kiberiti mkononi. Masta alifungua. Bila kusema neno nilisimamisha nguzo mbili za njiti nyuma ya nyumba ya kadibodi, nikafunga uzi, nikaanika nguo kwa koleo la kushikia sindano: shati la khaki la stesheni masta, lenye mifuko miwili, suruali yake, na sari ya manjano. Shati lilinichukua siku nne. Sari niliifanya kwa saa moja, na nilijivunia kuliko shati.

Masta alivaa miwani. Akainama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, nikaanza kuomba radhi.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Fundi! Umemvisha mke wangu leso!"

Nikatazama. Ni kweli. Mikono yangu ya Mombasa ilikuwa imekata mstatili mfupi, ikautia pindo pande zote nne na mji katikati, kama leso ya mama yangu, ile wengine waiitayo kanga. Nimeshona maisha yangu yote, lakini sari haishonwi, na sikuwahi kuipima hata moja.

"Sari ni yadi sita, mwalimu wa watoto. Hii haimtoshi hata kufungia maandazi. Na tena umeianika nyuma ya nyumba." Kicheko kikampungukia. "Yake haikukaa nyuma. Nyuma ningeionaje?"

"Kwa nini uione?"

Akavuta kigoda akakaa, na mimi nikakaa juu ya kopo la rangi.

"Miaka thelathini na minane," alisema, "hakutamka jina langu hata mara moja. Wanawake wa kwetu, wa zama zile, hawamtaji mume kwa jina. Ni heshima. Sasa fikiri. Nyumba iko pale, jukwaa liko hapa, hatua mia mbili. Chakula kimeiva. Ataniitaje? Apige kelele 'wewe'? Mapagazi wote wageuke? Aseme 'Masta' kama wao?" Akatabasamu. "Alichukua sari ya manjano, ile ya nyumbani, akaitandika juu ya ukingo wa baraza. Ikiwa imekunjwa, chakula tayari. Ikiwa imeachiwa yote mpaka chini, wageni wamefika, njoo upesi. Anasimama pembeni mpaka nimjibu."

"Unamjibuje?"

"Kwa bendera. Ya kijani. Nilikuwa na nini kingine? Siku moja dereva akadhani bendera ni yake, akaondoa treni, na abiria wawili wako chini wananunua ndizi. Nikaandika katika ripoti kwamba waliteremka kwa hiari."

Tulicheka sote. Mvua ikaanza kugonga paa la gereji.

"Kwa hiyo," nilisema polepole, "hukutaka sura yake."

Akafikiri. "Sura yake ninayo, imejaa nyumba nzima, binti ameweka picha mpaka chooni. Nilitaka kujua kama chakula tayari."

Akainuka akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na ile sari yenyewe mikononi, pamba nyepesi iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya sikio, manjano yake imepauka, ukingoni ina mstari mwembamba mwekundu. Akaniwekea magotini.

"Kata."

Nimekata vitambaa vya thamani, vya harusi na vya sanda. Hiki nilikigeuza mara tatu kabla ya kugusa mikasi. Nilisema bismillahi, nikakata kipande kwenye pembe ya ndani, mahali ambapo huchomekwa kiunoni na hapaonekani, ili akiikunjua asione pengo.

Yadi sita, kwa kipimo chetu, ni chini kidogo ya inchi tatu. Hapo ndipo niliposumbuka. Nguo ndogo haina uzito, na isiyo na uzito haianguki; husimama kama ubao. Hata pamba ile laini, ikikatwa hivyo, ilikaa juu ya baraza kama barua. Basi nikaanza kuichomoa nyuzi. Kwa sindano na miwani mbili, moja juu ya nyingine, nilichomoa uzi mmoja na kuacha mmoja, upande wa marefu kisha upande wa mapana, mpaka kitambaa kikawa kama pumzi. Mstari mwekundu niliutia kwa uzi mmoja wa hariri. Nikakilowesha kwa maji ya wali, nikakilaza juu ya penseli kikaukie na mikunjo yake. Masta alikaa karibu siku zote hizo akinishikia taa ya mkono, anazuia hata kukohoa.

Tulichagua Jumapili, binti yake awepo. Nilisali adhuhuri mapema. Nguzo za njiti na ile leso tuliviondoa nyuma ya nyumba, lakini shati la khaki Masta aliomba libaki. Akaliweka kwenye kiti cha ofisi, kupitia dirishani. Kisha nikatandika sari juu ya ukingo wa baraza, upande unaotazama jukwaa, imekunjwa. Ilianguka kama inavyopaswa.

Masta alivaa kofia yake ya zamani. Alizungusha kitufe, na treni ikaanza kutambaa. Ilizunguka mlima tuliouchonga kwa kisu cha mkate, ikapita chini ya miti ya dodoki, ikapita ghala, ikaingia stesheni, ikasimama bila kutingisha hata sanduku moja. Masta aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na jukwaa. Kutoka pale, mtu huona juu ya mabehewa, moja kwa moja mpaka barazani.

Kisha akainua mkono wake wa kulia, mtupu, kama mtu mwenye bendera.

"Chakula tayari," akasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya jirani. Alitandaza gazeti juu ya sanduku la vifaa, akapakua, na Masta akala. Alikula dengu, akala bamia, akaufuta ukingo wa sahani kwa kipande cha chapati, akaomba tena. Binti yake aligeuka akajifanya anatazama milima.

Ningeweza kukomea hapa, lakini nitakuwa nimemdhulumu mke wangu. Siku tatu baadaye niliona kitambaa cha manjano cha kufutia vumbi kimening'inizwa kwenye dirisha letu la jikoni, kile kinachotazama nyumba ya Masta. Mimi napenda nyumba nadhifu. Nikakitoa, nikakikunja, nikakitia kabatini. Saa nane mke wangu aliniuliza kwa nini Masta hajaja kula. Saa nane na nusu Masta mwenyewe aligonga ua.

"Fundi, laini imefungwa? Nangoja ishara tangu saa saba!"

"Muulize mume wangu," mke wangu alimjibu kutoka jikoni. "Ndiye aliyeing'oa."

Tangu siku hiyo sikugusa kitambaa kile. Masta aliishi miaka tisa zaidi, na kila siku aliyokuwa na afya alikula mezani kwetu, akipita kwenye tundu tulilolikata katika ua wa mbao. Alipokuja alisimama kwanza bustanini na kuinua mkono mtupu kuelekea dirishani, na mke wangu alimjibu kwa mwiko. Suruali zake nilizirudishia nafasi kiunoni. Nilikuwa nimeiacha ndani ya mshono, kwa mazoea.

Stesheni sasa iko Stanmore, kwa binti yake, chini ya kifuniko cha kioo. Mwaka jana alinipeleka nikaione. Dodoki limepauka, paa la ghala limebonyea, na sari imekuwa nyeupe karibu kabisa, isipokuwa ule uzi mmoja mwekundu. Aliniuliza kama naweza kuibadilisha. Macho yangu hayawezi tena kuchomoa nyuzi, lakini sikumwambia hilo. Nilimwambia aiache. Kutoka jukwaani bado inaonekana.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe jirani wa kukugongea ua ukichelewa, na meza isiyokosa mtu wa pili. Mikono yako aitie baraka katika kazi ndogo na kubwa, akuonyeshe nusu ya pili ya kila jibu, na siku ya kurejea kwake ukute umeandaliwa, na anayekungoja amesimama barazani. Amina.